Mpira wenye kinyota: mchezaji wa besiboli anayeshukiwa kutumia steroidi ahukumiwe kwa lipi?

Katika jumba la kumbukumbu za besiboli mjini Cooperstown, jimbo la New York, umo mpira mmoja mweupe wenye mshono mwekundu, sawa na mipira mingine yote ya mchezo huo, ila huu ngozi yake imechongwa alama ya kinyota. Barry Bonds, mpigaji anayeshukiwa kutumia steroidi, aliupiga mjini San Francisco usiku wa tarehe 7 Agosti 2007. Ulikuwa mpira wa 756 kwake kuuvusha ukuta wa uwanja, na kwa pigo hilo akaivunja rekodi ya Hank Aaron iliyokuwa imesimama tangu 1976. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua mnadani kwa dola 752,467, kisha akawauliza watu mtandaoni: tuuache ulivyo, tuuchonge kinyota, au turushe roketi tuupeleke angani? Kinyota kikashinda, na mwaka 2008 mpira ukafikishwa Cooperstown ukiwa na kovu lake.

Katika vitabu vya takwimu, kinyota humwambia msomaji kwamba hapa pana maelezo, atazame chini ya ukurasa. Kwenye mpira huu hakuna ukurasa wa kutazama chini. Kila anayeuona hujiongezea maelezo yake mwenyewe.

Jamaa wanaofuatilia michezo ya Marekani huniuliza swali hilihili kila kura za kuwaingiza wachezaji katika Jumba la Magwiji zinapotangazwa mwezi Januari. Bonds hajawahi kufungiwa hata mechi moja kwa sababu ya dawa, mbona hayumo katika orodha ya magwiji? Na kama anazuiwa na tuhuma, mbona David Ortiz, mpigaji wa Boston, ambaye jina lake nalo liliwahi kutajwa, aliingia kwa kishindo? Wapo wanaojibu upesi kwamba wote walikuwa wanatumia, kwa hiyo waingizwe wote. Wapo wanaosema wote ni walaghai, wafukuzwe wote. Naona majibu yote mawili yanakimbia kazi, kwa sababu yanatuepusha na kuchambua mtu mmoja mmoja na ushahidi wake.

Steroidi, hom-rani na Jumba la Magwiji

Steroidi zinazozungumziwa hapa ni zile zinazoiga testosteroni, homoni ya kiume. Waandishi wa michezo wa Kenya huziita pufya, pamoja na dawa nyingine zote haramu za michezoni. Watanzania wengi husema dawa za kuongeza nguvu. Tusizichanganye na steroidi ambazo daktari humwandikia mwenye pumu au ukurutu. Hizo hutuliza uvimbe, hazijengi misuli, na inasikitisha mzazi anapomnyima mtoto dawa ya pumu kwa kuogopa jina tu.

Mtumiaji akifanya mazoezi, misuli hujengeka haraka na mwili hupona uchovu mapema. Hilo la kupona ndilo watu hulisahau. Msimu wa besiboli una mechi 162 kwa kila timu ndani ya takribani miezi sita, maana yake ni kucheza karibu kila siku. Mchezaji anayefika Agosti akiwa na miguu ya Aprili amewazidi wenzake sana. Hata hivyo dawa haimpi mtu jicho. Mpira ukirushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa chini ya nusu sekunde, na katika muda huo anapaswa kuusoma, kuamua na kuzungusha gongo. Ustadi huo hauna sindano. Kwa hiyo anayesema rekodi zilipigwa na dawa peke yake amekosea, na anayesema dawa hazisaidii kitu amekosea vilevile.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe: mrushaji hurusha, mpigaji hupiga kwa gongo, na mpira ukivuka ukuta wa uwanja ndani ya mistari huitwa hom-rani. Hom-rani ndiyo hujaza viwanja, na ndiyo iliyoleta kisa hiki chote.

Jumba la Magwiji, lililoko hukohuko Cooperstown uliko ule mpira, ndiyo heshima ya juu kabisa. Mchezaji akishastaafu kwa miaka mitano, waandishi wa besiboli wenye uanachama wa angalau miaka kumi mfululizo humpigia kura. Anahitaji asilimia 75. Akikosa anarudi mwaka unaofuata, mradi amepata angalau asilimia 5, na ana nafasi kumi. Zamani zilikuwa 15, zikapunguzwa mwaka 2014. Kila mwandishi anaruhusiwa kuchagua majina yasiyozidi kumi. Zikiisha nafasi hizo, tumaini lake ni kamati ndogo ya watu 16 inayowapitia walioachwa.

Mwongozo wa kura hautaji takwimu peke yake. Unamtaka mpiga kura atazame pia uadilifu, uanamichezo na tabia ya mchezaji. Maneno hayo yalikuwapo miongo mingi kabla ya steroidi kuwa gumzo, na hayakumzuia Gaylord Perry, mrushaji aliyesifika kwa kupaka mpira mafuta na mate kinyume cha kanuni, kuingia Jumbani mwaka 1991. Hapo tayari kuna kipimo kinachovutika.

Kibao barabarani, askari hakuna

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba wakati ule dawa hizi hazikuwa haramu. Si kweli, ingawa ninaelewa imetoka wapi.

Sheria ya Marekani iliziweka steroidi katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwaka 1990. Mwaka 1991 kamishna wa besiboli wa wakati huo, Fay Vincent, alizitumia klabu zote waraka uliosema kuwa dawa haramu ni marufuku, na steroidi zikatajwa humo kwa jina. Lakini hakukuwa na kupimwa, kwa kuwa upimaji ulihitaji kukubaliwa na chama cha wachezaji, na makubaliano hayakuwapo. Fikiria barabara kuu yenye kibao cha kilomita 80 kwa saa, isiyo na askari wala tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, huku tajiri wa basi akimlipa zaidi dereva anayewahi kufika. Kibao kipo, na anayekwenda 120 anavunja sheria. Lakini ukikaa miaka 13 bila kumweka askari, kisha ukaanza kuwalaani madereva peke yao, umeificha nusu ya habari.

Nusu hiyo inaonekana vizuri mwaka 1998. Besiboli ilikuwa bado inauguza jeraha la mgomo wa 1994, uliosababisha hata fainali za mwaka huo kufutwa. Kisha wapigaji Mark McGwire na Sammy Sosa wakaanza kushindana kuivunja rekodi ya Roger Maris ya hom-rani 61 kwa msimu mmoja, iliyowekwa 1961. Taifa zima likageuza shingo. McGwire alimaliza na 70, Sosa na 66.

Agosti ya mwaka huo, mwandishi wa shirika la habari la AP, Steve Wilstein, alikuwa amesimama na wenzake mbele ya kabati la McGwire katika chumba cha kubadilishia nguo. Kwenye rafu ya juu aliona mkebe wa mchicha wenye picha ya Popeye, pakiti za ubani usio na sukari, na kando yake chupa ya kahawia iliyoandikwa androstenedioni, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa testosteroni. Wakati huo kiliuzwa madukani kihalali na besiboli ilikuwa haijakipiga marufuku, ingawa Olimpiki ilikuwa imeshakikataa. Chupa haikufichwa. Ilikaa hadharani pamoja na mchicha. Habari ilipotoka, hasira nyingi zilimwangukia mwandishi, kwamba anaharibu sherehe. Androstenedioni ilipigwa marufuku mwaka 2004, na McGwire mwenyewe alikiri Januari 2010 kwamba alitumia steroidi, ukiwamo msimu ule wa 1998.

Upimaji ulianza 2003, na mwaka huo ulikuwa wa siri, bila majina wala adhabu, kwa lengo la kujua ukubwa wa tatizo tu. Makubaliano yalikuwa kwamba ikizidi asilimia 5, upimaji wenye adhabu utaanza. Ligi ikatangaza kuwa majibu yalikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Mwaka 2004 ukaanza upimaji wenye meno, mwanzoni meno ya maziwa. Kufikia 2006 kosa la kwanza lilikuwa mechi 50, la pili 100, la tatu maisha. Tangu 2014 ni mechi 80, msimu mzima, kisha maisha.

Ile asilimia 5 hadi 7 husomwa kwa njia mbili mbaya. Wengine husema ni ndogo, tatizo lilikuzwa. Lakini wachezaji walijua kwamba wangepimwa, na dawa kadhaa hazikuweza kuonekana katika vipimo vya wakati huo, kwa hivyo namba halisi huenda ilikuwa juu ya hapo. Wengine husema wote walitumia. Ushahidi wa hilo haupo. Samaki mmoja akioza wote wameoza ni methali ya mtu aliyechoka kuchambua tenga lake, na kwa mchezaji aliyekataa dawa huku mwenzake akimpokonya nafasi, kumwambia kwamba naye alitumia ni kumdhulumu mara ya pili.

Ushahidi hauna uzito mmoja

Kisa cha Rafael Palmeiro hakina utata mkubwa. Machi 17, 2005 alikaa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, akanyoosha kidole na kusema hajawahi kutumia steroidi, kamwe. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo akafungiwa baada ya kipimo kumkuta, wiki chache tu tangu afikishe mapigo 3,000. Alijitetea kuwa alichomwa vitamini B12 asijue kilichomo. Ana hom-rani 569, na mwaka 2014 aliondolewa katika orodha ya kura kwa kukosa hata asilimia 5. Manny Ramirez alipatikana zaidi ya mara moja, sheria ikiwa wazi na adhabu ikijulikana. Alex Rodriguez alifungiwa msimu mzima wa 2014, si kwa mkojo bali kwa nyaraka na mashahidi wa kliniki moja ya Florida. Mpiga kura anayewakatalia watu hawa ana msingi: kanuni ilikuwapo, askari alikuwapo, na mlango wa kukata rufaa ulikuwapo.

Bonds na Roger Clemens wako ngazi nyingine. Bonds ana hom-rani 762, zikiwamo 73 za msimu wa 2001, na tuzo saba za mchezaji bora wa ligi. Clemens ana tuzo saba za mrushaji bora. Hakuna kati yao aliyefungiwa. Lakini kusema hakuna ushahidi juu yao ni kujifanya kipofu. Bonds alihusishwa na BALCO, maabara ya California iliyowapa wanamichezo dawa haramu, na kwa mujibu wa ushahidi wake wa faragha uliovujia magazetini, alisema alipaka na kutumia vitu alivyopewa na mkufunzi wake akiamini ni mafuta ya kitani na dawa ya baridi yabisi. Mkufunzi huyo alikubali kukaa jela kuliko kutoa ushahidi. Clemens alitajwa na mkufunzi wake wa zamani katika ripoti ya seneta mstaafu George Mitchell kuhusu dawa katika besiboli, ya Desemba 2007, iliyowataja wachezaji 89, naye amekana siku zote.

Mahakama nazo ziliingia. Clemens alishtakiwa kuidanganya kamati ya Bunge, na Juni 2012 baraza la wazee wa mahakama likamwachia katika mashtaka yote sita. Bonds alikutwa na hatia ya kuzuia haki mwaka 2011, na hukumu hiyo ikafutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015. Watu husikia hivyo wakasema basi, wamesafishwa. Hapana. Mahakama ya jinai huuliza kama kosa fulani limethibitishwa pasipo shaka yoyote ya maana, kwa sababu mwisho wake ni jela, na kosa lenyewe hapa lilikuwa uongo na kuzuia haki, wala si kutumia dawa. Mweka hazina wa chama cha kina mama, daftari lake likikosa kulingana mara tatu, hakimu anaweza kumwachia kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wale kina mama hawalazimiki kumrudishia kisanduku. Picha ya shaba anayowekewa gwiji kule Cooperstown ni kama kisanduku hicho, heshima wanayotoa watu kwa kuridhika kwao. Ila kuridhika huko kuwe na daftari la kuonyesha.

Daftari linapokosekana ndipo ninapopata uchungu. Jeff Bagwell wa Houston hakuwahi kukutwa na dawa na hakutajwa katika ripoti ya Mitchell. Aliingia katika orodha ya kura na takwimu za gwiji, akangoja hadi mwaka wake wa saba, 2017. Mike Piazza, pengine mdakaji aliyepiga vizuri kuliko wote, alipata asilimia 57.8 mwaka 2013 na akaingia 2016. Walishukiwa kwa nini? Bagwell alikuja kijana mwembamba akajaa mikono. Piazza alikuwa na chunusi mgongoni, na mwandishi mmoja akazigeuza ushahidi. Mwaka huo wa 2013 wapiga kura hawakumwingiza hata mmoja kati ya waliokuwa katika orodha yao.

Tuna msemo unaotamkwa kila kijiwe: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo mzuri kwa ajili ya kujihadhari, lakini ni mbaya kwa ajili ya kuhukumu, na hesabu ndogo inaonyesha sababu. Hizi ni namba za mfano tu. Tuseme kuna wachezaji 1,000, na 100 kati yao wanatumia dawa. Tuseme pia kujaa misuli ghafla huonekana kwa watumiaji 60 kati ya hao 100. Kwa wasiotumia, dalili hiyo huonekana mara chache zaidi, mtu mmoja kati ya watano, kwa sababu wapo wanaonyanyua vyuma, wanaokua wakifika miaka 25, wanaojaliwa mwili na wazazi wao. Mmoja kati ya watano katika watu 900 ni watu 180. Sasa simama mlangoni uwakamate wote waliojaa misuli. Utakamata 240, na 180 kati yao ni wasafi. Dalili ilikuwa ya kweli, watumiaji wanayo mara tatu zaidi, na bado watatu kati ya kila wanne uliowakamata hawana kosa.

Wanaojua machungu ya mitihani iliyovuja wanalielewa hili bila hesabu. Matokeo ya kituo kizima yanapozuiwa, yupo daima binti mmoja aliyesoma kwa kibatari akapata alama zake kwa jasho. Alama nzuri ndizo zinamfanya ashukiwe. Angefanya vibaya asingeulizwa.

Orodha ambayo ilipaswa kuchomwa

Rudi kwenye vile vipimo vya siri vya 2003. Wachezaji walikojoa vikombeni kwa ahadi kwamba majina hayatajulikana. Kabla kumbukumbu hazijaharibiwa, wapelelezi wa serikali waliokuwa wakifuatilia kesi ya BALCO wakazichukua, mwezi Aprili 2004. Walikuwa na kibali kwa watu wachache, wakaondoka na majina ya wengine wengi, jambo ambalo mahakama ya rufaa baadaye ilisema halikuwa sawa. Kisha majina yakaanza kuvuja moja moja magazetini mwaka 2009: Rodriguez mwezi Februari, Sosa Juni, Ramirez na Ortiz Julai.

Rodriguez alikiri. Ortiz alisema hajui alikutwa na nini, wala hakuna aliyemwonyesha. Na kweli, orodha ile haikusema hadharani nani alikuwa na steroidi na nani alikuwa na kirutubisho cha dukani. Mwaka 2016 kamishna Rob Manfred alisema kuwa zaidi ya majibu kumi ya mwaka ule yalikuwa na utata wa kisayansi ambao haukutatuliwa, kwa sababu idadi iliyotakiwa ili upimaji uendelee ilishapatikana bila hayo, na kwamba si haki kumnyima mtu heshima kwa orodha hiyo. Ortiz aliendelea kupimwa hadi alipostaafu 2016 na hakufungiwa kamwe.

Mwaka 2022 majina haya yalikutana katika karatasi moja ya kura. Ortiz, mwaka wake wa kwanza, alipata asilimia 77.9 akaingia. Bonds, mwaka wake wa kumi na wa mwisho, alipata 66.0. Clemens 65.2. Sosa, ambaye kuhusu dawa kilichokuwapo dhidi yake hadharani wakati huo ni jina lililovuja katika orodha ileile ya Ortiz, alipata 18.5.

Kumtofautisha Ortiz na Bonds kunaelezeka: jina moja lililovuja halilingani na faili nzima ya BALCO. Kumtofautisha Ortiz na Sosa ni kugumu zaidi. Utasema Sosa alipiga hom-rani nyingi mno ghafla, lakini hapo umerudi kwenye misuli na chunusi. Utasema Ortiz alipimwa miaka mingi baadaye akawa safi, na hiyo ni hoja ya kweli, kwa kuwa Sosa alicheza miaka michache tu baada ya upimaji kuanza. Linabaki jambo ambalo wapiga kura wachache hulisema kwa sauti: Ortiz alipendwa. Alikuwa mcheshi, aliwakumbatia watu, na mwaka 2013, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, alisimama uwanjani akautetea mji wake. Bonds aliwafokea waandishi kwa miaka 20, na waandishi ndio wapiga kura. Siwezi kuthibitisha ni kura ngapi zilipotea kwa sababu hiyo, lakini mizani inayoshikwa na mtu uliyemnunia inahitaji kuangaliwa mara mbili.

Chama cha waandishi chenyewe kiliwahi kuona hatari hiyo. Desemba 2016 wanachama waliamua kwa wingi mkubwa kwamba kura zote ziwe wazi, kila mtu aonekane alimpigia nani. Uongozi wa Jumba ukakataa, na mpaka leo anayetaka kuficha kura yake anaificha.

Wakimbiaji wetu wamelipitia jambo hili kwa njia tofauti, na kulinganisha kunafaa. Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza chini ya saa 2 na dakika 10. Minong'ono ilianza siku hiyohiyo. Sampuli aliyotoa Machi 2025 ikakutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, inayoweza kutumiwa kuficha nyingine, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Wengi waliuliza kwa nini rekodi haikufutwa. Jibu ni kwamba riadha ilifuta matokeo kuanzia siku ya sampuli, si kuanzia siku ya minong'ono. Inauma, na mioyo ya wengi haijatulia. Lakini mstari umechorwa mahali panapoonekana, na mwanariadha yeyote anajua uko wapi. Besiboli haikuchora mstari. Iliwaachia waandishi mamia, kila mmoja na chaki yake.

Nani mwingine apimwe?

Haki haiwahusu wanaoshukiwa peke yao. Fred McGriff alistaafu na hom-rani 493, bila hata uvumi. Mwaka 1992, hom-rani 35 zilimtosha kuongoza ligi yake, moja kati ya mbili za besiboli kuu. Kufikia 1998 watu walikuwa wanapiga 66 na 70, na zake zikaonekana za kawaida. Waandishi walimnyima miaka yote kumi. Desemba 2022 kamati ya watu 16 ilimwingiza kwa kura zote 16, na siku hiyohiyo Bonds, Clemens na Palmeiro wakapata chini ya kura nne kila mmoja. McGriff alikuwa na miaka 59. Wapo wengine ambao hatutawajua kwa majina, vijana wa ligi za chini waliokataa sindano na wakarudi nyumbani nafasi ikichukuliwa na aliyekubali. Kila ninapotaka kuwahurumia wanaoshukiwa, nawakumbuka hao.

Na wapo waliokuwa juu. Bud Selig aliiongoza besiboli tangu 1992 hadi Januari 2015, miaka yote ya kibao bila askari na ya viwanja vilivyojaa, kisha pia miaka ya kuleta vipimo. Aliingia Jumba la Magwiji mwaka 2017, katika kundi moja na Bagwell aliyesubirishwa kwa tuhuma za misuli. Tony La Russa, kocha wa McGwire mwaka ule wa chupa ya kahawia, aliingia 2014. Sisemi wasingeingia. Nasema neno "uadilifu" limeandikwa kwa wino uleule kwa kila mtu, na swali walilojua nini na lini halikuwagharimu miaka kumi ya kura.

Mpiga kura anayemkatalia Bonds simlaumu, maana kuna faili la kusoma. Anayemkubali kwa hoja kwamba ligi yenyewe ilifumba macho naye namwelewa, na akitaka ile picha ya shaba iandikwe yote yanayojulikana, BALCO ikiwamo, nitamuunga mkono. Nisiyeweza kukubaliana naye ni anayemhukumu mtu kwa mgongo wake, na anayebadili kipimo kulingana na nani alimsalimia vizuri.

Desemba 2025 kamati ilikaa tena. Jeff Kent, aliyecheza na Bonds katika timu moja San Francisco, akaingia. Bonds na Clemens walipata chini ya kura tano kila mmoja, na kwa kanuni mpya, anayepata chini ya hapo haruhusiwi katika duru inayofuata, ya 2028. Wanaweza kurudi Desemba 2031, na wakipata tena chini ya tano, basi imekwisha kabisa. Bonds atakuwa na miaka 67. Watu 16 watajifungia chumbani na majina yao manane, na hakuna kanuni inayomtaka hata mmoja wao aseme alimkataa nani, wala kwa ushahidi gani.